Watoto wa Nyumba ya Tivii

Mwezi uliopita nilirudi Ifakara kumwona mama, nikafanya kosa la kupita mtaa wetu wa zamani, nyuma ya mashine za kukobolea mpunga. Nilidhani nitaupita tu kama ninavyopita mitaa mingine. Nikajikuta nimesimama mbele ya ghala la mabati mpaka mlinzi akaniuliza, "Dada, unamtafuta nani?" Nikasema simtafuti mtu. Lilipo ghala hilo ndipo ilipokuwa nyumba tuliyopanga, na humo chumbani mwetu ndimo mdogo wangu alimozoea kulala vibaya, mpaka siku alipolala asiamke tena. Nisikilize tu, rafiki yangu, maana jambo hili sijawahi kumweleza mtu kwa utulivu, na mama hapendi litajwe.

Nyumba ilikuwa na vyumba sita na wapangaji sita, uani tukichangia choo na banda la jiko. Msimu wote wa kilimo baba alikuwa shambani, ng'ambo ya mto, upande wa Lupiro. Mwaka mmoja mpunga ulikubali kuliko kawaida, akarudi na tivii. Ilikuwa ya kwanza katika nyumba ile, na kuanzia siku hiyo chumba chetu kikawa cha watu wote. Mama alifurahi mno. "Mlango wangu uko wazi," alikuwa akiwaambia majirani, na hakusema kwa kujionyesha.

Saa moja jioni walianza kuingia. Akina mama walikuja na watoto wachanga na mabakuli ya karanga za kuchemsha. Fundi baiskeli wa chumba cha mwisho alikuja na kigoda chake, mikono ikinuka grisi hata baada ya kunawa. Chumba kilijaa harufu ya kambale wa kukaanga, jasho, na vumbi la pumba lililokuwa likitua juu ya kila kitu mtaani kwetu. Sitakudanganya, ilikuwa raha. Tangu hapo sijawahi kuona watu wengi namna ile wakipendana kwenye chumba kidogo namna ile.

Tatizo ni kwamba kitanda kilikaliwa na wageni. Mimi na mdogo wangu tulilala sakafuni juu ya mkeka, katikati ya miguu ya watu. Chandarua chetu kilining'inia kwenye kamba juu ya mkeka, na kwa kuwa kiliwaziba wageni wasione, mama alikisokota na kukifunga fundo juu kabisa. Kilishushwa pale tu mgeni wa mwisho alipoondoka, na mgeni wa mwisho alikuwa fundi baiskeli kila siku. "Mama, hii imebaki kidogo tu," alikuwa akisema. Ilikuwa haijabaki kidogo hata siku moja. Na mbu wa bonde la Kilombero, kama unawajua, hawangoji tamthilia iishe.

Kwa hiyo tulilala vipande vipande. Watu wakicheka, tunaamka. Mtu akituruka kwenda nje, tunaamka. Kisha saa kumi alfajiri mama alikuwa keshawasha moto wa maandazi yake, na sisi tulitakiwa tuwahi pampu ya maji kabla ya foleni. Kumwamsha mdogo wangu ilikuwa kazi yangu. Nilichovya kiganja kwenye maji nikamwekea kisogoni, akaruka kama mdoli. Alitembea amefumba macho, kashika ncha ya khanga yangu, na nikisimama ghafla ananigonga mgongoni. Nilicheka sana. Nilikuwa darasa la tano, yeye la pili, na niliona kila kitu chake ni kichekesho.

Shuleni walitujua. Mwalimu wake, mama mmoja mpole, alikuwa ameshachoka kumwamsha. "Hawa ni watoto wa nyumba ya tivii," alikuwa akisema, darasa zima linacheka, kisha anamlaza kwenye benchi la nyuma na kumfunika kitenge chake mwenyewe. Sisi tuliona ni bahati kuwa na mwalimu kama huyo. Bibi peke yake ndiye hakucheka. Alikuja kutoka Idete akalala siku mbili tu, na asubuhi ya kuondoka alimshika mdogo wangu kidevu akamtazama muda mrefu.

"Mtoto huyu ana macho ya mtu mzima," alimwambia mama. "Halali."

"Mama, mbona analala mpaka darasani," mama akajibu huku akicheka. "Mjini ndivyo tunavyoishi."

Bibi akasema, "Haya," akapanda baiskeli iliyokuja kumchukua. Ile "haya" yake niliisikia vibaya hata wakati ule, sijui kwa nini.

Siku yenyewe ilikuwa mwishoni mwa masika. Nilimwekea kiganja cha maji kisogoni, akajikunja akasema, "Dada, baridi." Nikamwambia aache kudeka. Alikuja pampuni, akarudi na kindoo chake, akaacha andazi lake bila kuligusa. Nikalila mimi. Nalikumbuka andazi lile kuliko chakula chochote nilichowahi kula.

Kengele ya kutoka ilipolia nilikwenda kumchukua darasani kwake. Alikuwa kwenye benchi chini ya kitenge, kalala tangu asubuhi. Mwalimu alikuwa anasahihisha madaftari. Akaninong'oneza, "Mwache amalizie, leo kachoka kweli. Mtaondoka akiamka." Nilifurahi, maana wenzangu walikuwa wanapanga rede uwanjani. Nilicheza mpaka jua likaanza kulala. Mara mbili mpira ulinipeleka karibu na dirisha lile, na mara zote mbili nilichungulia nikamwona ametulia vizuri, nikashukuru, nikarudi kucheza.

Nilipokwenda kumwamsha nilichovya mkono kwenye ndoo ya darasa nikamwekea pale pale kisogoni. Maji yalikauka chini ya kiganja changu kama yanavyokauka kwenye kikaango. Macho yake yalikuwa nusu wazi, hayanitazami. Nikamtikisa, nikamwita, kichwa kikaangukia pembeni. Mwalimu aliacha kalamu akaja mbio.

Kibanda cha fundi baiskeli kilikuwa ng'ambo ya barabara ya shule. Alitupa alichokuwa anakitengeneza, akanipandisha nyuma nikiwa nimempakata mdogo wangu, akakanyaga pedeli kwenye lile tope mpaka hospitali. Njia nzima alikuwa anaongea bila kugeuka. "Mwanangu, amka. Amka nikuhadithie jana iliishaje. Ulilala haijaisha." Nilihisi joto la mdogo wangu likipita kwenye sare yangu, na nilijua. Sijui nilijuaje, lakini nilijua.

Daktari alisema malaria imepanda kichwani. Akamuuliza mama, aliyekuwa amefika mbio kutoka nyumbani, mtoto ameanza kulala hivi lini. Mama aligeuka. Akanitazama mimi, mimi nikamtazama fundi, fundi akatazama chini. Hakuna kati yetu aliyejua usingizi wa kila siku uliishia wapi na ule mwingine ukaanzia wapi. Siku ya pili mdogo wangu alifariki bila kufumbua macho.

Baada ya matanga hakuna aliyekatazwa kuja, na hakuna aliyekuja. Fundi alinisalimia uani tu, kisha akahamia Mang'ula. Mama alishusha chandarua, akakichomekea chini ya mkeka tangu magharibi. Nikapata mkeka mzima, giza na ukimya kuanzia saa mbili, kila kitu ambacho mtoto anahitaji ili alale, nami nikakesha nimekodoa macho. Tivii mama aliipeleka shambani kwa baba, kusikokuwa na umeme, ikakaa ndani ya gunia.

Wale watu wote wametawanyika, na nasema bila aibu kwamba nina hamu nao, wao na karanga zao na vicheko vyao. Hawakuwa wabaya. Walitupenda, na walituzoea tukiwa tumelala.

Sasa nina binti wa miaka saba. Akilala mchana, hata kama ni Jumapili na ameshiba, namwendea nikamtikisa mpaka akae. Ananuna, ananiambia, "Mama, nimelala tu." Namwambia ajitaje jina. Analitaja kwa hasira, la kwake na la baba yake. Ndipo namwacha alale.