Niliitwa Mara Tatu Handeni

Nilipokuwa mtoto wa miaka kumi na nne, umri ambao kwenye kazi za nyumbani wewe ni mkubwa ila ukikataa kitu wewe ni mtoto, baba alinipeleka Handeni kuchanjwa chale.

Tulikuwa tunakaa Mashewa, baba ana mashine ya kusaga. Mimi sikuwa sawa, sibishi. Silali, shule nimegoma, mtu akinigusa bega namrushia ngumi. Shangazi Mwanaidi, dada yake baba, akasema ni shetani la ukoo.

Nikamwambia baba, "Sitaki kuchanjwa."

"Nani kakuuliza kama unataka?"

Basi. Wakanipakia mshikaki kwenye pikipiki, baba mbele, shangazi nyuma, mimi katikati kama nyama. Korogwe tukasimama kuweka mafuta. Nikaomba kwenda chooni, maana nilishapanga kukimbia. Shangazi akanifuata, akasimama mlangoni anaimba kaswida mpaka nikatoka.

Mganga alikuwa bibi mfupi wa Kizigua, mpole wa sauti, wembe wake mpya bado umo kwenye karatasi. Akaniinamisha juu ya chungu cha majani yanayochemka, akanifunika blanketi. Giza, mvuke, jasho linaingia machoni. Nikinyanyuka, mkono unanirudisha chini. Niliujua ule mkono, unanuka dizeli na pumba.

"Nitamwita mara tatu," bibi akasema. "Akiitika, namchanja. Asipoitika, wembe siushiki."

Hapo nikamkumbuka bibi mzaa mama. Tangu tukiwa wadogo alitukataza: ukiitwa na mtu usiyemwona, usiitike, ukiitika umeshajitoa. Na mle ndani nilikuwa simwoni mtu.

"Zaina."

Kimya.

"Zaina."

"Itika, mwanangu," baba akaninong'oneza.

"Itika we mtoto, watu tumetoka mbali," shangazi naye.

Nikauma blanketi.

"Zaina."

"Abee."

Haikuwa sauti yangu. Ilikuwa ya baba, kaibana iwe ya kike, ikatoka kama ya beberu mwenye mafua. Shangazi alicheka, akakigeuza kicheko kuwa kikohozi.

Bibi hakucheka. Akanifunua, akaniambia nisogee pembeni. "Mzee, vua shati."

"Mgonjwa ni huyu, bibi."

"Aliyeitika ni wewe. Mimi namchanja aliyeitika."

Nilidhani atawaka. Lakini baba anayaamini mambo hayo kuliko sisi wote, na kuitika halafu ukaondoka ni hatari kuliko wembe. Akavua. Chale tatu kifuani, zikapakwa dawa nyeusi. Alifumba macho muda wote. Sikuwahi kujua kwamba baba anaogopa wembe.

Watu wakisikia hii stori wanasema nilipona kiulaini. Wapi. Wiki iliyofuata nilikuwa juu ya pikipiki ileile, safari hii hospitali, na huko pia hakuna aliyeniuliza kama nataka kwenda. Ila daktari aliposema, "Huyu analala?" baba alifungua mdomo, akajishika kifua, akaufunga. Wote wakanisubiri mimi.

"Silali," nikasema.

Sasa nina miaka ishirini na moja. Baba akivua shati kule mashineni, zile chale naziona. Sijawahi kumwambia kwamba ile mara ya tatu nilikuwa nimeshafungua mdomo niitike. Sio kwamba niliitaka dawa. Nilichoka tu kukaa chini ya lile blanketi. Na wote wangesema nimekubali.