Siku Niliyowakana Ndugu Zangu Maarufu

Nilikuwa na ndugu watatu maarufu, na wote niliwapata redioni. Mmoja mbunge, mmoja mwanariadha, mmoja mtangazaji. Tulichofanana ni jina la mwisho tu, lakini mimi na cherehani yangu pale sokoni Ilongero hatukuona hilo kuwa tatizo. Redio ikilitaja jina letu, nilisimamisha mguu kwenye pedali na kumwambia mteja, "Huyo ni baba yangu mdogo." Mteja alinitazama kwa heshima, nami nikaendelea kumpima kiuno, kichwa kimenivimba.

Ukweli niliujua. Huku kwetu mtoto akizaliwa siku nyumba ina wageni hupewa jina hilo letu, lenye maana ya mgeni, na Singida wageni hawajawahi kuisha. Basi babu wengi wasiojuana walibeba jina moja, wajukuu tukalirithi. Hata mchumba wangu, mwalimu wa Iguguno, alikuwa nalo. Tulicheka sana kwamba nikiolewa sitabadili hata kitambulisho. Mbunge alikuwa baba yake mkubwa wa kweli kabisa, lakini hata nilipoambiwa hivyo sikuacha kujigamba. Mazoea yana tabu.

Siku ya posa wazee wake walipita sokoni kwanza kuuliza habari za binti, kama ilivyo desturi. Soko zima likawajibu kwa fahari kwamba huyo ni mtoto wa kaka yake mbunge, tena ndugu wa mwanariadha na mtangazaji. Nikiwa jikoni nikamsikia mshenga akisema sebuleni, "Tulikuja kuposa, kumbe tumefika kwa ndugu zetu tusiowajua. Hawa ni kaka na dada. Hapa hakuna ndoa."

Nilimpenda yule mwalimu kupita kiasi, na sasa nilikuwa nampoteza kwa mdomo wangu mwenyewe. Njia ya mwongo ni fupi, na yangu iliishia sebuleni kwa baba. Binti anayeposwa hukaa jikoni mpaka aitwe. Mimi nilibeba sinia la chai, nikaingia, nikapiga magoti.

"Shikamooni."

"Marahaba, mwanetu," wakaitika, na hilo "mwanetu" likanichoma.

"Wazee wangu, mimi ni mwongo. Mbunge simjui."

Mama akajifunika uso kwa khanga. Mwalimu, aliyekuja na wazee wake, alikuwa anauma midomo asicheke. Shangazi yake, mama mnene mwenye macho makali, akauliza, "Na yule mwanariadha?"

"Sijawahi kumwona, shangazi."

"Mtangazaji je?"

"Namsikia tu redioni, kama ninyi."

Baba, kwa aibu, akaanza kuwataja babu zake hadi wa nne, wote wa Mgori. Wao wakataja wa kwao. Hawakukutana popote. Hapo shangazi akaangua kicheko mpaka kilemba kikamlegea.

"Kwa kaka yangu mbunge kila wiki watu wanakuja kudai undugu," alisema akifuta machozi. "Wa kuja kuukana ndiye huyu wa kwanza."

Akachukua kikombe, akanywa chai yote, kisha akaniamuru niketi karibu na mwalimu. Nilikaa. Sikuwa tena ndugu wa mtu yeyote maarufu, na sijawahi kujiona mwenye bahati kama saa ile.