Asiranse ya Kiti cha Kando

Mume wangu hakujua kuendesha gari, lakini safarini hakuna aliyeendesha zaidi yake. Alikaa kiti cha kando, mikono yake ya useremala juu ya magoti, akinionyesha shimo nililokwisha kuliona na mbuzi niliyekwisha kumpita. Mimi nilikuwa mkunga. Nilijifunza usukani nikiwa bado kijana, kwa sababu mama mwenye uchungu hawezi kungoja dereva amalize chai. Mbele ya wageni mzee alipenda kusema, "Kwetu bwana njo anabebwaka." Watu walicheka, nami nikacheka nao, kwa kuwa nilipenda kumbeba.

Mwaka ule wa vita nilikuwa na miaka sitini na minne. Yeye alikuwa amekwenda Mambasa kutafuta mbao, safari ya majuma matatu, na barabara ikafungwa nyuma yake, isipokuwa kwa malori machache yaliyolipia njia. Nikabaki peke yangu Rwambuzi, mtaa wetu mjini Beni, na kosinele yetu, kile kigari cha mgongo wa mviringo chenye mashine nyuma. Wenye bunduki walikuwa wamechukua magari yote makubwa ya mtaa wetu. Letu walilizunguka mara mbili, wakacheka, wakaliacha. Hata hivyo kila kizuizi kilitaka karatasi, na asiranse yangu, yaani bima ya gari, ilikuwa inaisha mwezi ule. Nilikuwa nimeapa kwamba siku barabara itakapofunguka nitakwenda mwenyewe kumleta mzee nyumbani, na sikutaka kurudishwa njiani kwa sababu ya muhuri.

Ofisi ya asiranse, kule mtaa wa Lumumba, ilikuwa imebaki na meza moja na madirisha yasiyo na vioo. Ajenti alikuwa amevaa tai kana kwamba mjini hakujatokea kitu. Aliniuliza umri wangu, nikamwambia. Akaweka kalamu chini.

"Mama, juu ya chauffeur wa umri ile, mwili yake haiingiake mu contrat: ukiumia, hatulipake. Na macho? Macho ingali muzuri?"

"Baba, haya macho imepokea batoto ya hii muji na taa ya petroli. Pengine na weye mumoja yao."

Akacheka kidogo, akachukua tena kalamu. Akanishauri nichukue ile ya kawaida, ile wanayochukua watu wote, iitwayo tiers. Nikamwambia hapana, hiyo tumekuwa nayo miaka yote na haitoshi: theluthi moja ya gari inatufaa nini?

Ajenti akanitazama. "Theluthi gani, mama?"

Hapo sina budi kueleza. Kifaransa cha shule kilitufundisha kwamba tiers ni theluthi. Siku ya kwanza tulipoleta karatasi ile nyumbani, mume wangu aliisoma, akatafakari kama mtu anayepima ubao, kisha akaamua kwamba theluthi yetu ni ya mbele, kwenye taa. Tangu siku hiyo alinionya bila kuchoka: "Ukigonga, ugonge na mbele." Mbuzi dume wa jirani alipovunja taa ya nyuma, hatukwenda hata kuuliza. Mzee alisema huyo mbuzi amekosea theluthi. Na kumbuka, mashine ya kosinele iko nyuma; mbele hukaa tairi la akiba. Kwa hesabu yake, tulikuwa tumewekea asiranse tairi la akiba.

"Tiers haiko theluthi," ajenti alisema polepole, na nilimwona anavyojizuia. "Ni muntu wa tatu. Wa kwanza ni weye, wa pili ni siye. Wa tatu ni ule utagonga. Hii karatasi inalinda ule."

Nilicheka mpaka nikashika meza. Kisha, kwa mazoea ya garini, nikageuka upande wa kulia kumwambia mume wangu, na upande huo palikuwa na ukuta. Nilikuwa nimemkosa kwa majuma mengi, usiku na kanisani na mezani, lakini hakuna mahali nilipomkosa kama pale. Kichekesho kile kilikuwa chetu wawili, na nusu ya wenyewe haikuwapo.

Ajenti aliona machozi, akadhani ninalia kwa ajili ya karatasi. Akanisomea mengine: moto, wizi, na mwisho "personnes transportées", yaani watu unaowabeba. Akasoma pia mstari ulioandikwa kwa herufi ndogo, kwamba vita, fujo na uporaji havilipwi.

"Sasa inabakia nini, baba?"

"Inabakia ajali ya kawaida, mama."

Nilitamani ajali ya kawaida. Nilitamani siku ambayo jambo baya kuliko yote lingekuwa mtaro na tairi lililopasuka, mzee akinilaumu hadi nyumbani. Nikamwambia aniandikie ile ya watu wa kubeba, mtu mmoja, kiti cha mbele.

"Mama, barabara imefungwa. Chukua ya wizi. Utabeba nani?"

"Bwana yangu. Iko Mambasa."

Ajenti akaivuta karatasi. Aliandika, akapiga muhuri, akapuliza wino ukauke. Nilirudi Rwambuzi na karatasi ile kifuani, nimefurahi kama bibi harusi mjinga.

Siku chache baadaye nilipata zamu kwenye foni, ile redio ya kuzungumza na watu wa mbali, ya mfanyabiashara mmoja kutoka Butembo, aliyekuwa na duka karibu na soko. Foni ile haikuwa na siri. Kila mwenye mashine njia nzima alikusikia, na ukimaliza lazima useme "à toi", zamu yako, ili mwenzako ajibu. Sauti ya mume wangu, aliyeitwa kwenye foni ya Mambasa, ilikuja imekwaruzwa, lakini ilikuwa yake.

Nilimweleza habari ya mtu wa tatu. Foni ikakwaruza, nikafikiri imekatika. Kisha nikamsikia anacheka kule, kicheko chake cha kukohoa.

"Basi miaka yote tulilinda bantu bengine, siye tuko inje! À toi."

"Sasa nimekuwekea asiranse ya kiti yako. Sikia: usipande camion, lori yoyote. Zinajaza bantu juu ya mizigo, kila siku zinaanguka. Ungoje miye. Barabara ikifunguka nitakuja kukutwaa. À toi."

"Nitakungoja, mama. Subira njo inaleta heri. À toi."

Nilikuwa na mengi, lakini nyuma yangu watu walikuwa wamepanga mstari, nikaona haya. Nikasema tu kwamba paa linavuja upande wa jikoni, na ningemwachia yeye alitengeneze. Nikampa zamu tena. Lakini betri ya mashine ilikuwa imekwisha.

Vita vilifika Mambasa kabla barabara haijafunguka. Foni ya kule ikanyamaza. Kila asubuhi niliwasha kosinele, nikaiacha ingurume ili betri isife, kisha nikaizima.

Habari nilizipata mwaka uliofuata, kutoka kwa mama mmoja muuza mafuta ya mawese aliyekuwa amekimbia pamoja na watu wa Mambasa. Alinitafuta mpaka nyumbani. Aliniambia mume wangu alikimbilia msituni na wengine, akashikwa na homa, na siku ya nne wakamzika kando ya njia, wakaandika juu ya kaburi jina alilokuwa amewatajia. Nikamuuliza kwa nini hakutoka mapema, kwa kuwa nilisikia kwamba malori yalitoka.

Yule mama akatabasamu, akanishika mkono. Alisema lori la mwisho la kwenda Beni lilikuwa na nafasi, na dereva alimwita mzee mara tatu. Mzee alikuwa ameketi juu ya mbao zake. Akajibu, "Wende tu. Bibi yangu anakuja kunitwaa, kiti yangu iko tayari."

Alinieleza hayo ili kunifariji, nijue nilivyopendwa. Nilimshukuru, nikampikia, nikamsindikiza hadi barabarani. Lori lile lilifika Beni salama, na wote waliolipanda wako hai.