Lukole Sikuiandika

Nilipoanzisha tovuti ya kuwaelekeza wageni kwenye miji midogo ya kwetu, nilikuwa mwalimu Ngara, na kichwa kilikuwa kimenivimba. Nani mwingine alikuwa na tovuti? Kila Jumamosi nilipanda basi na daftari langu. Biharamulo: boma la Wajerumani, hospitali, chai ya maziwa pale sokoni. Lusahunga: mama anayechoma mbuzi karibu na maegesho ya malori, ufike kabla ya saa saba. Nikirudi nachapa yote kwenye kompyuta ya kukodi, na umeme ukikatika naanza upya.

Lukole nilikwenda pia, ila si kwa ajili ya tovuti. Nilikwenda kununua, kama Ngara nzima. Soko la kambi ya wakimbizi halikukosa kitu, na mashati yangu yote alinishonea mama mmoja Mrundi, fundi cherehani, mwenye kovu la moto mkono wa kushoto. Kwa kola, hakuna fundi wa mjini aliyemfikia.

Siku moja ananipima mabega, akasema, "Mwalimu, nasikia unaandika mahali pote kwenye kompyuta. Na sisi utuandike."

"Mama, mimi naandika miji. Hii ni kambi."

"Nimezaa hapa, nimezika hapa. Basi niandike mimi tu. Mdogo wangu wa kiume tulipotezana siku ya kukimbia. Wanasema yuko ng'ambo. Huko watu si wanatafutana kwa kompyuta?"

Nikamwambia nitaona. Mtu mwenye akili anajua "nitaona" ya namna ile maana yake nini, naye alikuwa na akili. Hakuniuliza tena. Shati alilimaliza vizuri kama kawaida, na vifungo viwili vya akiba akanifungia kwenye karatasi.

Ukweli ni kwamba niliona aibu. Sikutaka mgeni afungue ukurasa wangu akute maturubai na foleni za mgao wa mahindi. Nilitaka tuonekane watu wa maana.

Kambi ilipofungwa sikwenda kumuaga. Nilisikia wamepandishwa malori kurudishwa kwao. Nilipopita baadaye, pale alipokuwa akiweka cherehani yake palikuwa na nyasi tupu.

Miezi michache ikapita, ikaja barua pepe, Kiswahili cha mtu aliyeanza kukisahau. Alikuwa anamtafuta dada yake, fundi cherehani, kovu la moto mkono wa kushoto. Alisikia yuko Lukole. "Nimesoma tovuti yako yote," aliandika. "Umeandika mpaka mama wa mbuzi wa Lusahunga na saa ya kumkuta. Lukole hukumjua mtu hata mmoja?"

Majuto ni mjukuu, na wangu alikuwa ameshafika. Nilimjibu kwamba nilimjua, kwamba aliniomba nimwandike nikakataa, na kwamba sasa sijui aliko. Wakati nachapa maneno hayo nilikuwa nimevaa shati alilonishonea dada yake, na kola bado ilikuwa imesimama.