Aliyeugua Kwanza Siye Aliyeuleta

Iko siku moja, mwanangu, isiyonitoka kichwani, na leo nitakusimulia ingawa mimi si mzee. Nimekasirika, sikufichi. Lakini hasira hasara, kwa hivyo sogea hapa, nikusuke tukiongea.

Jana ulinisomea kazi yako ya shule kuhusu tauni ya zama za kati, nikajivunia. Viroboto wa panya ndio walioieneza, na watu hawakujua. Wakasema ni hewa mbaya, wakasema ni adhabu ya Mungu, mwishowe wakasema Wayahudi wametia sumu visimani, wakawachoma moto. Ukasoma jinsi mashamba yalivyokosa wavunaji, vibarua waliobaki wakadai ujira bora, mabwana wakatunga sheria ya kuwanyima. Hapo nilicheka, mimi mtunza wazee wa ujira mdogo hapa ughaibuni.

Leo kazini Mama Furaha, yule Mkongo wa zamu yangu, akaniambia, "Dada, mutoto anakatala kwenda ku masomo." Mwanawe Furaha ana ukurutu mikononi, nanyi darasani mmezua mchezo: anayemgusa ameshikwa na tauni, lazima ampake mwingine. Nilipokuuliza, ukanijibu kwa Kiingereza kwamba ni mchezo tu, na si wewe uliyeuanzisha.

Hata mimi sikuanzisha.

Nilikuwa na umri wako, kule Nakuru, kwenye ploti yetu ya vyumba vya kupanga, yenye mfereji mmoja wa maji ya bomba. Mitungi ndiyo iliyopiga foleni badala ya watu. Unaweka wako, unaenda zako, na hakuna aliyethubutu kusogeza wa mwenzake. Kikaingia kipindupindu. Mtoto wa Mama Atieno, mpangaji mgeni, akaugua kwanza, basi ploti nzima ikasema wao ndio waliouleta ugonjwa. Mimi nikaupiga teke mtungi wa Mama Atieno, ukatoka kwenye foleni. Kina mama waliona, wakaendelea kufua, nami nikajiona shujaa.

Shosho, bibi yangu, naye aliona. Hakunichapa. Aliutoa mtungi wetu, akauweka wa Mama Atieno mahali pake, akasema, "Aliyeugua kwanza siye aliyeuleta. Ugonjwa umemkuta. Maji umemnyima wewe."

Siku ile hatukupika. Baadaye fundi alichimba, akakuta bomba limepasuka kando ya choo. Mama Atieno alikuwa ameshahama, na hakuna aliyejua alikoenda. Majuto ni mjukuu, mwanangu, na wangu nimemlea miaka yote hii.

Ndiyo maana nakwambia waziwazi. Watu wakiogopa hutafuta wa kumtwika lawama, na mgeni ndiye wa karibu. Wewe usiwasaidie kumtafuta. Usiniambie hukuanzisha, aliyeendeleza ana sehemu yake. Ukurutu hauambukizi, na hata ungeambukiza, mgonjwa hupelekewa uji, hafanywi mchezo. Umesoma tauni ukapata alama nzuri, kisha ukatoka darasani ukafanya yaleyale ya watu wa visima. Elimu gani hiyo?

Kesho tutatoka mapema, tushuke mtaa wa Nechells kwa kina Furaha. Hodi utapiga wewe. Msamaha utaomba wewe, kwa hicho Kiswahili chako cha kuvunjikavunjika, wataelewa. Furaha akikataa kutoka, tutarudi keshokutwa. Akikubali, mshike mkono kutoka mlangoni kwao mpaka ndani ya lango la shule, na hao wenzako watazame mpaka wachoke.

Mungu akupe moyo mpana, mwanangu. Akupe mikono isiyomwogopa mtu, na siku utakapougua wewe, akuletee wa kukushika.