Swali la Tisa na Vigae Kumi vya Ziada

Watoto arobaini na mmoja walifanya mtihani wa hesabu, na wote arobaini na mmoja wakakosa swali la tisa.

Wote. Mpaka yule wa dawati la mbele ambaye huwa anamsahihisha mwalimu.

Mmoja wao ni binti yangu. Alirudi nyumbani macho mekundu, karatasi kaikunja mara nne. Swali hilo lilikuwa na alama tano, na yeye alipungukiwa alama tatu tu. Maana yake ni kurudia darasa.

"Nani katunga upuuzi huu?" nikauliza.

Akaniangalia weee, kisha akasema, "Sijui, baba."

Nikapandwa na mori.

Hapa niwaambie mimi ni nani. Mimi ni fundi wa vigae. Mtaani wananiita Timazi, ule uzi wa fundi wa kupimia unyoofu, kwa sababu kazi yangu haipindi. Kimo changu kifupi, mdomo mrefu. Bafu langu lina vigae vya rangi saba, mabaki ya kazini, na mke wangu huliita nguo ya viraka.

Siku hiyohiyo nikaingia kwenye kundi la wazazi kwenye simu, nikarekodi sauti ya dakika sita. Nikasema watoto wetu wanabebeshwa mizigo ya punda. Kazi za nyumbani kurasa nane, mtoto halali, hachezi! Nikasema aliyetunga swali la tisa hana mtoto, hana huruma, na huenda hata hesabu hajui.

Mke wangu alisikiliza mpaka mwisho.

"Baba watoto, hilo swali umelisoma?"

"Nilisome la nini? Si limemliza mtoto?"

Jumamosi asubuhi tukajaa darasani kwao, watu wazima tumebanana kwenye madawati ya watoto, magoti yanagusa videvu. Mfamasia alikuwepo, mwokaji mikate alikuwepo, dereva wa lori naye. Hao watatu ni wateja wangu, sakafu zao nimezitandika mimi.

Nikasimama, kifua mbele.

"Mwalimu, tunataka jina! Aliyetunga swali la tisa aletwe hapa mbele atufundishe!"

Makofi yakapigwa. Yakanilevya.

Mwalimu, mama mmoja mpole wa miwani, akasema taratibu, "Mzee, nisingependa kumtaja. Ni mzazi mwenzenu."

"Mzazi? Ndiyo atajwe kabisa! Kikulacho ki nguoni mwako!"

Akashusha pumzi. "Mwanzo wa muhula niliwaomba mniletee maswali kutoka kazini kwenu, ili watoto waone hesabu ni kitu cha maisha. Aliyeleta ni mmoja tu."

Akafungua droo, akatoa kipande cha boksi la vigae. Pembeni kina alama ya dole gumba ya saruji.

Dole gumba langu.

Nilikuwa nimesahau kabisa, jamani. Miezi miwili nyuma nilijifanya msomi, nikaandika, nikapeleka, nikaenda zangu kazini.

Mwalimu akasoma: "Chumba kina urefu wa mita nne na upana wa mita tatu. Kigae kina sentimita arobaini kila upande. Vigae vingapi vinahitajika? Jibu: themanini na tano."

Akavua miwani. "Mimi napata sabini na tano, na watoto wengi wamepata hivyohivyo. Lakini nikasema fundi ni fundi, ana lake analolijua. Karatasi zikasahihishwa shule jirani kwa kufuata jibu lake. Sasa mwalimu mkuu anasema alama hazibadiliki mpaka mtungaji mwenyewe akiri kwamba alikosea."

Wazazi wakaanza kutazamana, kila mmoja akimtafuta mtungaji.

Jina langu halikuwa kwenye boksi. Mwalimu alikuwa anatazama ubao, kunisitiri. Ningekaa tu, ningeondoka na heshima yangu.

Lakini dirishani nilimwona binti yangu barazani, kaegemea nguzo, anasubiri kusikia kama atarudia darasa.

"Ni mimi," nikasema. Sauti ilitoka kama ya kifaranga.

Mfamasia akageuka mzimamzima. "Timazi! Sasa vile kumi vya ziada ni vya nini?"

"Ni vya… kufidia vitakavyovunjika."

"Kwangu vilivunjika vingapi?"

Fundi mzuri havunji vigae. Na mimi, kwa bahati mbaya, ni fundi mzuri.

"Viko bafuni kwangu," nikasema. "Vyako ni vile vya kijani."

Darasa lilicheka mpaka dawati la dereva wa lori likakatika mguu. Mwokaji mikate akauliza vyake ni rangi gani. Nikamjibu. Ningefanyaje?

Alama zikarudishwa, binti yangu akavuka darasa. Mimi ndiye niliyebaki chini.

Njiani nikamwambia, "Pole, mwanangu. Baba yako ndiye aliyekukosesha."

"Nilijua ni swali lako, baba. Uliliandika mezani, nilikuwa pembeni yako."

Nikasimama. "Na jibu uliliona?"

"Themanini na tano."

"Sasa mbona uliandika sabini na tano, na ulijua jibu wanalolitaka?"

Akaangalia viatu vyake. "Niliogopa mwalimu ataniuliza kumi vinaenda wapi."

Nikatoa simu, nikaifuta ile sauti kundini. Dakika sita nzima.

Wazazi wenzangu, mtihani ukiwa mgumu lalamikeni, ni haki yenu. Ila lisomeni swali kwanza. Mimi nimegundua kwamba mtihani mgumu kuliko yote nilimpa mwanangu mimi mwenyewe, na alikuwa akiufanya kimyakimya kila alipoingia kuoga.