Bangili Iliyongoja Kuamkiwa

Mimi sina haja ya kukudanganya. Nina duka la vifaa vya ujenzi hapa Kinoo, nimelijenga kwa mikono hii, na shule niliachia darasa la tatu. Mtu kama mimi hatungi hadithi, hana wakati. Haya niliyaona kwa macho yangu, na mke wangu yuko hai, njoo umuulize.

Kukusanya vito vya kale nilianza uzeeni. Watu walinicheka. Mzee wa misumari na simiti anataka bangili? Lakini chuma nakijua, na anayejua chuma hujifunza fedha upesi. Ukitaka kuanza, anza na kitu kimoja. Kipime mkononi, kigeuze, tafuta mahali palipolika kwa kuvaliwa, maana kitu kipya kilichopakwa weusi huwa cheusi kote. Usikisugue king'ae. Hayo nilijifundisha mwenyewe. Lile moja nililokataa kufundishwa ndilo lililotaka kuninyang'anya mke wangu, Mama Nafula.

Bangili yangu ya kwanza niliipata katikati ya jiji, upande wa mtaa wa Biashara, kwa Mzee Shee, mtu wa Lamu. Kabla ya kufungua kitambaa aliinama kidogo, akasema polepole, "Shikamoo, bibi." Nikadhani mamake yuko nyuma ya pazia. Nikachungulia. Hakuna mtu.

"Unaamkia nani?"

"Mwenyewe, yule aliyeivaa zamani," akasema. "Hii ilikuwa jozi, mzee. Mwenziwe sinaye. Nawe mwamkie."

"Mimi niamkie bangili? Nifungie, bwana, mvua inakuja."

Kwetu Bungoma tunashikana mikono, basi. Shikamoo niliisikia kwenye redio.

Mama Nafula aliivaa jioni hiyo hiyo, ikamkaa kana kwamba ilitengenezewa mkono wake. Ndipo akaanza kulala. Sikia vizuri, si kuugua. Alilala mchana, akitabasamu, chumba kikinukia asumini, na sisi hatujawahi kupanda asumini. Akiamka ananiambia alikuwa kwenye nyumba nyeupe yenye ua ndani, mwanamke fulani anamsuka nywele, na nywele haziishi. Kila siku zilikuwa ndefu zaidi, na kuamka kukawa kugumu zaidi. Bangili nayo haikutoka, hata kwa sabuni. Tulimpeleka hospitali kule Upper Hill. Daktari akampima, akasema moyo mzuri, damu nzuri, mama amechoka tu. Ungefanya nini? Nilimrudisha nyumbani alale.

Siku yenyewe nilikuwa dukani, jua linazama, ukungu umeshuka juu ya Waiyaki Way mpaka magari yakawa taa tupu. Akaingia msichana wa buibui, mdogo kuliko binti yangu Nafula. Akasimama mbele yangu kimya, ananitazama. Mkononi ana bangili, pacha kabisa wa ile ya nyumbani.

"Msichana, kwenu hamwamkii wazee?"

Akacheka. "Nami nangoja uniamkie, mjukuu wangu."

Nilimwambia atoke. Nilimwambia mimi nimezika marafiki wenye umri wa babake, kwa hiyo asiniletee mchezo. Hakukasirika. Aliketi juu ya gunia la simiti, na buibui lake halikushika vumbi. Niamini, sauti za barabara zikaisha taratibu, kama mtu anapunguza redio. Harufu ya asumini ikatoka kwenye makopo ya rangi. Usingizi mtamu ukaanza kunipanda kutoka miguuni.

Simu ikalia. Ni Nafula. "Baba, mama haamki! Namtingisha, haamki. Anatabasamu tu."

Nikamtazama yule msichana. Vidole vyake vilikuwa vinacheza hewani, kama vya mtu anayemalizia msuko wa mwisho.

Mimi sijawahi kuinamia mtu. Si chifu, si mwenye nyumba. Lakini nilivua kofia.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mjukuu wangu," akajibu, na sauti ilikuwa ya kikongwe. "Kumbe ulimi unao."

Honi zikarudi zote kwa pamoja. Juu ya gunia hapakuwa na mtu.

Nilifika nyumbani nikihema. Mama Nafula ameketi jikoni, anakunywa chai, bangili mbili, moja kila mkono.

"Hiyo ya pili umetoa wapi?"

"Si wewe umemtuma yule nyanya? Mzee sana, Baba Nafula, hata meno hana. Amenifumua nywele, akanivisha, akasema sasa nyumba hii ina adabu."

Nafula hakuwa ametoka kando ya kitanda mpaka mamake alipoamka. Hakuona mtu akiingia.

Siku hizi bangili zinavuliwa bila shida, na zinalala pamoja kwenye kitambaa kimoja. Kabati langu limejaa vito vya kale, na kila kimoja nilikiamkia kabla ya kukigusa, mbele ya watu, anayecheka acheke. Vilikaa kimya, ndiyo maana nikavinunua. Lakini juzi, kwenye duka la maana kule Hurlingham, niliamkia kipete kidogo, na chini ya kioo nikasikia, "Marahaba."

"Umesema, mzee?" akauliza dada wa duka.

Nilivaa kofia nikaondoka.

Kwa hiyo wewe unayeanza, amkia kwanza, halafu sikiliza. Ukiitikiwa, rudisha mkono mfukoni. Mwenyewe hajakivua.